Mikono Iliyompokea Masanja

Mama Masanja mpendwa,

Usicheke huko chini. Mimi wa darasa la nne nimefundishwa na daktari, binti mdogo tu, na nikaelewa. Ungekuwepo ungesema, "Leo Baba Masanja kamsikiliza mwanamke!"

Kabula wetu kajifungua mtoto wa kiume huku Geita. Siku tatu mtoto hakupata choo. Tumbo likajaa mpaka likang'aa, akatapika kijani. Nikatoka nje. Tumbo lile nilishaliona. Lilikuwa la Masanja, mtoto wetu wa kwanza.

Daktari akanichorea utumbo kwenye boksi la dawa. Kumbe mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, mishipa ya fahamu huingia utumboni kwa juu, ikishuka kidogo kidogo. Utumbo wenyewe hutoa vichocheo vya ukuaji, vya kuiita na kuilisha njiani.

"Kama sisi wachimbaji wa Nyarugusu," nikamwambia. "Ukisikia dhahabu imeonekana mbele, unahama na sufuria yako."

Akacheka. "Ndiyo, babu. Ila ya mjukuu wako haikuusikia mwito vizuri, ikaishia njiani. Kipande cha mwisho hakina mishipa hiyo, hakisukumi choo."

"Nani kamfunga?"

"Hakuna aliyemfunga. Ila wakati mwingine ugonjwa huu hufuata damu. Labda yako, labda ya bibi yake."

Labda yangu, Mama Masanja!

Unakumbuka mama yako alivyompokea Masanja alipozaliwa, akamwogesha, nami mkwe wake nimejificha nyuma ya zizi kwa heshima, mavi ya ng'ombe mpaka magotini? Siku ya sita tukamzika mtoto. Mganga akasema mikono iliyompokea ndiyo iliyomfunga. Niliyekuwa namkimbia kwa heshima, nikamkimbiza kwa panga. Akaondoka kuelekea Kahama na jembe na kanga moja.

"Mama yangu kakukosea nini?" ukaniuliza. Nikakwambia nyamaza. Ukanyamaza. Ukanipikia, ukanizalia Kabula, lakini mama yako hukumtaja tena mbele yangu mpaka unaingia kaburini.

Kesho mjukuu wetu anapasuliwa, wakitoe kile kipande. Daktari hakuniahidi kitu. Kabula aliuliza kama katika ukoo hali hii iliwahi kutokea, nikamwambia yote. Tangu hapo kanipa mgongo, mtoto kifuani. Mgongo wako kabisa.

Nataka kwenda kumpigia mama yako magoti, nimwambie mikono yake ilikuwa safi. Ila sijui alizikwa wapi. Wewe ulijua. Miaka yote tumelala kitanda kimoja, na sikukuuliza.

Ni mimi mumeo, mwenye panga,
Baba Masanja