Daraja Nililolivuka Kimya

Richardson, Texas
Jumapili, 14 Machi 1999

Mpendwa Dada Mwatime,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, shemeji na watoto mko salama, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu mlipoanza kulikanda. Je, bado anapanda ngazi peke yake akidhani hamumwoni? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio haujatulia tangu jana. Tafadhali usimsomee Mama barua hii kabla hujaimaliza wewe mwenyewe.

Nilikwandikia kwamba Bwana Tuan, mwenye kampuni ya fremu za miwani ninayofanyia ukarani, alifariki Januari. Sasa kampuni iko mikononi mwa mjane wake, Bi Lan. Viza yangu imefungwa na kazi hii. Akinifukuza, sina ruhusa ya kuendelea kukaa hapa. Basi tangu msiba ule nimekuwa nikimtazama usoni kila asubuhi kama mtu anayetazama mawingu.

Wao ni Mabuddha kutoka Vietnam, nao huchoma maiti. Wana arubaini yao, inayozidi yetu kwa siku chache, na ilipotimia Bi Lan alitaka majivu ya mumewe yapelekwe kwenye pagoda moja ya zamani, yaani hekalu lao, huko Stafford, karibu na Houston. Hawana mtoto, na yeye haendeshi gari kwenye barabara kuu. Akanitaka mimi niwapeleke. Ningekataaje, Dada?

Shuaib, ninayekaa naye, alinicheka mpaka akashika ukuta. "Jana ulikuwa safu ya kwanza msikitini, leo umekuwa jeneza lenye magurudumu!" Sikucheka. Nilisoma dua ya safari mara mbili, nikatia gari moto.

Bi Lan alikaa nyuma, mtungi wa kaure mapajani. Tulipovuka mto wa kwanza, hapo Dallas, aliinama akauambia ule mtungi maneno ya kwao. Akanieleza kwamba maiti anayesafirishwa lazima aambiwe kila anapovushwa maji, la sivyo roho hubaki ng'ambo, haijui njia.

"Nikisinzia, mwambie wewe," alisema.

"Kwa lugha gani, Bi Lan?"

"Yoyote. Alikuwa akikusikia ukizungumza na dada yako kwa simu. Sauti yako anaijua."

Unajua nilivyo. Nilimuuliza kama madaraja yaliyo juu ya barabara nayo yamo, maana hapa ni mengi kupita kiasi. Akasema ni ya maji tu. Basi nikawa naendesha huku nikimtazama kwenye kioo, nikimwomba Mungu asisinzie.

Tulipopita Conroe alilala. Mto San Jacinto ukaja, mpana, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nilifungua mdomo. Nikajiuliza, mimi mtoto wa nyumba yetu, niseme na majivu? Nani atanisikia, na Mungu ataniandikia nini? Daraja likaisha. Nilikuwa sijatamka neno. Maji yaliyofuata Bi Lan alikuwa ameamka, akamwambia mwenyewe.

Pagoda ina mapaa matatu yaliyobebana, kingo zake zimekunjwa juu kama ncha za makubadhi. Waliijenga wakimbizi wa mwanzo, na vizingiti vimelika kwa nyayo zao. Viatu huachwa nje kama kwetu. Ndani mna moshi wa udi, Dada, udi hasa, nikakumbuka sebule yetu siku za harusi. Ukuta mmoja umejaa picha za marehemu, na mbele yao chungwa, sigara, kikombe cha kahawa. Sanamu sikuziinamia. Nilisimama kando, mikono nyuma, kama niliyeitwa kwa mkuu wa shule.

Mtawa alinyoosha mikono kuupokea mtungi. Bi Lan hakuutoa. Alinigeukia.

"Maji yote ulimwambia?"

Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni tayari. Nilikumbuka viza, nikamkumbuka na Mama. Nikasema, "Mto mmoja sikumwambia. Niliogopa."

Bi Lan alinitazama. Akauweka mtungi juu ya meza ya pembeni, akakaa karibu nao. "Basi hayupo hapa," alisema. "Mimi namngojea. Wewe nenda ukamchukue."

Nilirudi peke yangu mpaka ule mto. Nilitoka barabara kuu, nikaegesha penye majani, nikashuka hadi karibu na maji. Malori yalikuwa yakiguruma juu ya kichwa changu. Nikasema kwa Kiswahili: "Bwana Tuan, ni mimi Abdulhafidh wa ofisini. Samahani nilikuacha. Bi Lan anakungojea, twende." Nikamfungulia mlango wa nyuma, nikaufunga taratibu. Njia nzima sikuwasha redio, na kila penye maji nilimwambia.

Bi Lan alikuwa palepale. "Amekuja?"

Nisingeweza kusema uongo mara hiyo pia. "Nimemwita," nikamjibu. "Nimemwita kwa adabu."

Aliupapasa mtungi. Kisha akacheka kidogo, machozi yakimtoka. "Huyo! Maisha yake yote mpaka aitwe mara mbili." Akampa mtawa mtungi. Mimi nikapewa wali na mboga bila nyama, nikala bila wasiwasi, na mkeka safi wa kusalia chumba cha nyuma.

Habari za kazi hakunitajia, nami sikuthubutu kuuliza. Tuliondoka, yeye nyuma tena, mikono mitupu mapajani, hajui aiweke wapi. Tulipofika San Jacinto nilimwona kwenye kioo yuko macho, anatazama nje. Sijui kilichonisukuma. Nikasema, "Bi Lan, tunavuka mto."

Akajibu polepole, "Nakuja."

Aliposhuka mlangoni kwake aliniambia Jumatatu nisichelewe.

Dada, wewe umesoma dini kuliko mimi. Niambie kweli kama nimekosea, wala usinipunguzie. Lakini nikirudishwa kwenye daraja lile, nadhani ningesema.

Nisalimie shemeji, Nawal na Hadiya, na Mama umbusu mkono kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa rehema zake, awavushe salama kila penye kina.

Mdogo wako akupendaye,
Abdulhafidh