Kigae cha Bi Zuhura

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya Njombe? Maharage ya shamba la kijiji mmeshavuna? Sisi huku hatujambo, ila joto linatuchosha, na Tumaini ameota jino la kwanza.

Mama, nina habari inayonitia aibu, na nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa wasafiri.

Unajua jina langu lilipendekezwa kwenye uzee wa kanisa. Jumapili ile nikasimama kutoa ushuhuda. Ningemshukuru Mungu nikakaa, yangeisha. Nikasema tangu nije mjini sijampita mtu kwenye foleni hata siku moja, na kwamba tungekuwa na subira kama yangu, nchi hii isingekuwa na shida. Watu wakaitikia amina. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Hapa mjini, duka la ushirika likitarajia sukari, hatusimami tangu alfajiri. Kila mtu anaweka alama yake kwenye mstari, jiwe au kopo, halafu anakwenda kazini. Cherehani yangu iko barazani ng'ambo ya duka, kwa hiyo jiwe langu naliona. Jumatano lilikuwa nyuma ya kigae cha Bi Zuhura, muuza vitumbua tunayepanga naye nyumba moja. Duka likafunguliwa, zamu yake ikafika, mwenyewe hayupo. Nikakisukuma kigae pembeni kwa mguu. Nilijiambia ni kipande cha chungu tu.

Kilo ya mwisho nikaipata mimi. Mara Bi Zuhura huyo, anahema, ametoka kumpeleka mwanawe kliniki.

"Fundi, kigae changu kiko wapi?"

Nikakitazama pale pembeni nilipokisukuma.

"Si ndo wewe wa kanisani? Mkeo katusimulia nyumba nzima, eti mume wangu hampiti mtu!"

Watu wakacheka. Nikampa mfuko wote. Akamimina nusu kwenye kikopo chake, iliyobaki akanirudishia.

"Na nyie mna mtoto," akasema.

Hapo ndipo nilipoumia. Mama huyu hasali na sisi, wala sijawahi kumsikia akijisifia.

Nikamwendea Mchungaji, nikaomba jina langu liondolewe. Akaliondoa. Jumapili iliyopita nikasimama tena, nikaungama yote. Watu wengine wakalia. Mlangoni mzee mmoja akanishika mkono.

"Kijana, unyenyekevu wa namna hii sijauona siku nyingi."

Na njia nzima ya kurudi, Mama, nilikuwa nawahesabu waliolia.

Msalimie Baba Mdogo na ng'ombe wake, dada yangu mwalimu, na Shangazi anayeongoza kwaya. Mke wangu anakuamkia.

Niombee sana. Hata barua hii nimeisoma mara mbili kabla ya kuifunga, na mara zote mbili nimejiona mtu mwema.

Mwanao,
Elia