Nimeisafisha Gereji Bila Wewe

Mpendwa Baba Zuhura,

Majani yameanza kupukutika tena hapa Bellevue, na wewe bado uko Tanga. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tukifika kwenye habari ya kurudi kwako tunagombana, halafu mtandao unakatika, au unaukata wewe.

Unakumbuka Aprili yetu ya kwanza katika nyumba hii, mwaka 2015? Nilikuwa mgeni wa Johannesburg. Nikaona miti ya barabarani inageuka rangi na kubaki vijiti, nikakuuliza ni ugonjwa gani umeiingia. Ulicheka mpaka ukakaa chini ukingoni mwa barabara. Kisha ukanishika mkono, ukanieleza taratibu kwamba miti ya huku hulala wakati wa baridi. Jumamosi ile tulisafisha ua mzima, wewe na reki, mimi na toroli. Tuling'oa matembele kabla umande haujaganda na kuyaunguza. Ukapanda paa kuzoa majani kwenye mifereji, nami nimeshika ngazi huku nakuombea dua. Nilifurahi siku ile. Siwezi kusema uongo kwamba sikufurahi.

Lakini gereji hukuigusa, na kila mwaka ikawa hivyo hivyo. Friji mbovu ulizookota ili uzitengeneze zilizidi kurundikana, panya wakazaliana humo, na mimi nikaendelea kushona nguo za watu juu ya kitanda chetu. Nikilalamika, jibu lako lilikuwa moja: "Zitafaa."

Ulipokwenda kumuuguza mama yako mwaka juzi, nilikufungia mizigo kwa moyo mweupe. Mama amepona, alhamdulillahi. Mwenyewe ananiambia anakwenda sokoni kwa miguu yake. Wewe unasema mwezi ujao. Huo mwezi ujao nimeuchoka, Baba Zuhura. Nimechoka kukujibia kwa wateja wako wa friji, nimechoka kukujibia kwa mwanao.

Juzi mwenye nyumba alikuja akakuta mifereji imeziba na maji ya mvua yameingia ukutani. Akasema nisafishe kila kitu kabla baridi haijaingia, gereji ikiwemo, la sivyo tutafute pengine pa kukaa. Nikakupigia. Hukuuliza habari za ukuta, wala kama tumelala pakavu. Ulisema, "Usiguse vitu vyangu." Nikakwambia njoo uvitoe mwenyewe. Ukakata simu.

Basi nikapanda paa. Mama Josué, yule msusi Mkongo wa chumba cha nyuma, ndiye aliyenishikia ngazi. Akaniuliza nikianguka atamwambia nini bwana yangu.

"Mwambie amechelewa," nikamjibu.

Tulicheka wote wawili. Halafu nikajikuta nalia huko huko juu, mikono imejaa majani yaliyooza, na sikuwa na huzuni hata kidogo. Ilikuwa hasira. Kazi yenyewe si ngumu. Kinachonikera ni kwamba miaka yote nilishika ngazi nikiamini tunaijenga nyumba moja.

Kesho yake niliwaita wale watu wanaokusanya vyuma chakavu kwa mikokoteni. Wakabeba friji zote. Nikafagia, nikapiga deki, nikaingiza cherehani yangu na kuiweka karibu na mlango, penye jua. Nguo zako nimezikunja, zipo kabatini. Sijazitupa, usije ukawaambia ndugu zako nimezitupa.

Zuhura alipotoka shule alisimama kwenye gereji akaangalia pote palivyo peupe. Unajua Kiswahili anakielewa ila hakisemi. Akaniuliza kwa Kiingereza kama baba yake amehama. Nikamwambia vilivyohama ni vyuma tu. Akaingia ndani na mkoba wake.

Sijui kama nilimwambia kweli. Wewe ndiye unayejua. Safari hii usinipigie mimi. Mpigie yeye, umjibu mwenyewe.

Msalimie mama.

Ni mimi, mkeo bado,
Mama Zuhura