Kwa Nini Hukusikia Sauti ya Mama Yako

S.L.P. 94,
Kakamega.
19 Agosti 1991

Mpendwa mpwa wangu Makhanu,

Pokea salamu za mjomba wako, mtu anayejulikana sasa mkoa mzima wa Magharibi, maana hakuna mwingine huku ambaye sauti yake imetua Ulaya bila waya wa simu wala stempu. Hata D.O. na gari lake la serikali akipita kwangu hupunguza mwendo. Hujambo huko Norwe? Kifua kimepona? Baridi imekuachia masikio? Sisi ni wazima. Mke wangu Awinja ameacha kulalamikia mgongo, sasa analalamikia redio.

Barua yako imefika. Unauliza kwa nini Jumamosi ile tulipokutana hewani hukusikia hata neno moja la mama yako, na miaka minne imepita tangu uondoke. Makhanu, nimechukizwa mpaka chakula hakipiti.

Hizi wati tano ni takataka. Bruda wa misheni aliponiachia mtambo huu wa redio alisema nguvu ndogo ndiyo ufundi. Ufundi gani? Mimi na taa ya baiskeli tunalingana! Betri nimeitoa kwa trekta, waya nimeupandisha mwenyewe juu ya mkalitusi, futi mia mbili, mwewe ananitazama usoni, na bado nasikika kama mbu ndani ya chupa.

Na watu wa hewani hawana adabu. Mtu anakuita, anakutajia namba ya kuonyesha anavyokusikia, huyo ameenda. Hajauliza watoto wala mvua. Mbuzi wa jirani akipita kwangu angalau hulia. Halafu kuna Mwitaliano wa wati elfu moja. Huyo akifungua mdomo, sisi wadogo tunafutwa kama chaki.

Kiprotich naye, anayechomelea mageti hapa barabarani. Mashine yake ikiwaka, redio yangu inakaanga mahindi. Siku ile nilimwendea nikamwambia azime, kuna mama anamngoja mtoto wake. Akanijibu, "Mzee, wewe ongea na Ulaya, mimi naongea na geti." Awinja akacheka! Nilimtazama tu yule kijana, jicho moja, akazima mwenyewe.

Saa kumi ukatokea, safi kabisa: "Mjomba, nakupata kwa shida, mawimbi yanakatika, mpe mama haraka." Dada yangu alisikia kila neno. Alikuwa ametoka Matete asubuhi na nguo yake ya kanisa, kana kwamba utamwona. Baada ya dakika sita ukapotea. Nikamwambia ni Mwitaliano. Akafunga kitambaa chake, akasema, "Basi sauti yake haijabadilika," akarudi zake.

Nyanya yako Risper anakusalimu, anauliza kama umeoa. Binamu yako Nekesa naye anakusalimu, amefaulu mtihani. Mungu akulinde kwenye barafu, mguu wako usiteleze.

Sasa neno moja, na usimwandikie Awinja. Mwitaliano hakuwepo siku ile. Mama yako alinyoosha mkono mara tatu akitaka kipaza sauti, nami nikausukuma, kwa sababu mtu mzima hawezi kukatiza salamu katikati. Ulipopotea nilikuwa nakuuliza kama ng'ombe wa Norwe wanapata majani ya kutosha. Jumamosi tarehe 21 Septemba, saa kumi ya huku, atashika yeye kwanza. Mimi nitakaa nje.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata mawimbi yakikatika,
Muyoma