Pikipiki Yako na Ukuta wa Bi Zuhura

Ami,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye baraza ya daka lako, hapa mlangoni pa nyumba, mgongo ukutani, na pikipiki iko mbele yangu juu ya stendi yake, usukani umelalia kushoto kama ulivyozoea kuuacha. Tangu asubuhi imedondosha tone moja tu la mafuta. Kwa umri wake, naona hiyo ni adabu.

Ni miaka miwili na miezi mitatu tangu tulipokuzika. Sikuwahi kukuandikia ulipokuwa hai, kwa kuwa hatukuwahi kuwa mbali kiasi cha kuhitaji stempu, isipokuwa miaka ile niliyokuwa chuoni Nairobi. Hata wakati huo ni wewe uliyekuwa ukija. Ulifika langoni mwa bweni umejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, na bawabu akakuuliza kama wewe ndiye fundi wa jenereta. Ukamjibu kwamba ndiwe, ukaingia. Leo nina jambo la kukueleza, na simjui mtu mwingine ambaye ningependa anikosoe.

Mwezi uliopita Mholanzi mmoja, mhandisi wa winchi kubwa za Kilindini, alimaliza mkataba wake, akataka kuuza pikipiki yake kabla ya kurudi kwao. Imetoka kiwanda kilekile cha Ujerumani kilichoitengeneza yako, na ina silinda mbili zilezile zilizotokeza mbavuni. Lakini ni changa kwa miaka kumi na minne. Breki zake hazifungi gurudumu hata ukizikamata kwa hofu. Haina kabureta, petroli yake hupimwa na kompyuta. Akanipa siku kumi za kufikiri. Siku ya pili yake Bwana Hamadi, karani mwenzako wa zamani kule forodhani, akaja na habari kwamba shemeji yake wa Tanga aitaka ile yako, hata leo hii. Kila kitu kikawa kimepangika, ikabaki mimi kusema ndiyo.

Unajua kwa nini sikuweza kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Ramani uliyoibandika nyuma ya mlango kwa gundi ya unga bado ipo, na mstari wa kalamu nyekundu kutoka kisiwani hapa hadi Ziwa Turkana bado ni mstari tu. Ulipokuwa mgonjwa uliniambia, "Rukia, usije ukaacha kwenda kwa ajili yangu." Nikakuahidi. Tangu hapo imepita Agosti moja, sikwenda kwa sababu breki za nyuma zilikuwa zimelika. Ikapita Agosti ya pili, sikwenda kwa sababu ya taa. Mwaka huu shule imenipa likizo ndefu, na nimejikuta tena nimesimama palepale, nikijiuliza pikipiki ipi.

Nilifanya kama nilivyosomeshwa. Nilichukua karatasi ya grafu nikachora jedwali. Hoja kumi na moja zikawa upande wa pikipiki mpya, nne upande wa yako. Ya nne kati ya hizo ilikuwa "harufu". Niliifuta, kwa kuwa haikuwa hoja ya kisayansi. Kisha nikairudisha.

Nikamwita Fundi Kitsao kutoka Makadara. Yuko salama, mvi zimemwingia ndevuni, na bado hukataa kunywa chai kabla ya kazi. Aliiwasha, akaegemeza bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho kama daktari. Akasema, "Bi Mwalimu, mzee huyu hana ugonjwa. Haoni vizuri na viatu vimemwishia. Babako akiwa hivyo, wambadilisha? Mnunulie miwani na viatu, aende." Nilicheka, lakini pembeni mwa jedwali niliandika kwamba ushahidi wa Fundi Kitsao upokelewe kwa tahadhari, maana pikipiki ya kompyuta hataweza kuifungua. Yeye mwenyewe hakuficha. "Ile ikigoma," alisema, "mimi nitakusaidia kuisikitikia tu."

Ijumaa, kabla ya Alasiri, nikaenda kuijaribu ile mpya. Nitakwambia kweli, Ami, kwa sababu wewe hukupenda mtu akusifie kwa uongo: ni pikipiki ya ajabu. Kwenye Barabara ya Digo mkokoteni wa maji ulinikatia njia. Nilikamata breki kwa nguvu zangu zote, na pikipiki ikasimama kimya, kama mtu aliyeguswa bega. Yako ingenipeleka hadi kwenye madebe. Kwa dakika ishirini nilikusaliti, na nilifurahia kila dakika.

Kisha nikaileta nyumbani, nione itakavyokaa dakani.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiingia. Mdomoni mwa kichochoro ulizima injini, ukashuka, ukaisukuma. Kwenye pembe ya nyumba ya Bi Zuhura uliipeleka mbele mpaka tairi ikabusu ukuta, ukairudisha hatua moja, ukailaza kidogo upande wako, ikapita. Miaka yote hiyo silinda ya kulia ilikuwa ikikwangua chokaa mahali palepale, mpaka ukutani pakachimbika mfereji wa kina cha kidole. Kila mwaka kabla ya Ramadhani Bi Zuhura hupaka nyumba yake chokaa, na kila mwaka humwambia mpakaji apaache pale, kwa sababu Seif atapakwangua tena kesho. Hata mwaka huu alimwambia vivyo hivyo, kwa maneno yaleyale. Mpakaji akaniangalia, nami nikaangalia pengine.

Mimi, msomi, nilipima nguvu ya injini, urefu wa kiti na petroli kwa kilomita. Pembe ninayoipita kila siku sikuipima. Pikipiki mpya ni ndefu zaidi na pana zaidi. Nilipoipeleka mbele, usukani ukakwama. Nilipoirudisha, sanduku la ubavuni likapanda kizingiti cha jirani. Nilipoilaza, ikaamua kulala kweli. Haikufika chini, maana hapakuwa na nafasi ya kuanguka. Iliegemea ukuta wa Bi Zuhura, haiko wima wala haijalala, nami nimebanwa nyuma yake, buibui limenasa kwenye kigingi cha kukanyagia.

Dirisha la juu likafunguka. "Nani huyo anibomolea nyumba?"

"Ni mimi, Bi Zuhura."

"Wewe! Ami yako alikuwa akiibomoa kidogo kidogo, kwa heshima. Wewe wataka uimalize siku moja?" Akashuka, kanga kichwani, akaitazama toka mbele mpaka nyuma. "Mwanangu, hini si pikipiki. Hini ni ng'ombe wa Idi."

Wanaume walikuwa wakitoka msikitini. Bwana Hamadi akasimama, akatikisa kichwa. "Ingekuwa na haya, ingepiga hodi kwanza."

Nikawaambia wangoje, niinue mwenyewe. Nilitaka kuwaonyesha ulichonifunza Kibarani. Unakumbuka? Nilidhani unanipeleka kunifundisha kuendesha. Ukaichukua pikipiki mpaka kwenye uwanda ule karibu na jaa, ambako harufu pekee ingemzuia mtu kuanguka mara mbili, ukailaza chini taratibu, kama mtoto aliyesinzia. Ukasema, "Kuendesha utajua kwa siku moja. Kwanza nionyeshe utakavyoinuka." Ijumaa tatu, Ami! Korongo wa jaani walikuwa wamesimama wakinitazama kama watahini. Uelekeze mgongo kwenye kiti, uchuchumae, mkono mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye chuma cha nyuma, usiivute; uisukume kwa miguu, ukirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Ijumaa ya tatu iliinuka. Ulipiga makofi peke yako, na korongo wakaruka wote.

Basi nikageuza mgongo, nikachuchumaa, nikasukuma. Ile mpya haikusogea hata kidogo. Nikajaribu tena. Mara ya tatu nilihisi kitu kwenye uti wa mgongo kikininong'oneza niache. Waliinua wanaume wanne, mmoja wao akisoma Bismillahi kwa sauti.

Wakati wananisaidia kuirudisha nyuma mpaka barabarani, Bi Zuhura aliuliza, bila ya kumlenga mtu, "Na huko jangwani, atatupigia simu tuje?" Wakacheka. Kisha akanisogelea, akanipangusa chokaa begani, akasema polepole ili wengine wasisikie, "Wali ushaiva zamani, Rukia. Wewe bado wachagua sahani."

Nimelifikiria neno hilo wiki nzima. Pembe ya ukuta si hoja. Ningeweza kuilaza pikipiki mpya kwa Fundi Kitsao Makadara na kuitembelea. Wala sitakuwa peke yangu njia nzima, maana kutoka Isiolo malori huenda kwa msafara, na utingo wa lori ana mabega. Huenda nilikuwa nimeshaamua tangu mwanzo, na ukuta ukanipa kisingizio chenye chokaa. Sina hakika. Huenda dereva mwenye akili angeinunua ile yenye breki.

Lakini hili nalijua kwa uwazi kidogo zaidi: miaka miwili sikuwa nachagua pikipiki. Safari ile ndiyo kitu pekee tulichokianza pamoja ambacho hakijakwisha. Nikienda nikarudi, mstari mwekundu utakuwa umekanyagwa, na hakutakuwa tena na jambo lako lililobaki... Sikutaka libaki bila ya kubaki chochote. Hiyo sentensi haikukaa sawa. Nitaiacha hivyo.

Basi nimeamua, nikiwa na shaka yangu. Nilimwomba Mholanzi radhi kwa chokaa kwenye usukani, naye akasema hataifuta, itakuwa kumbukumbu yake ya Mji wa Kale. Pikipiki ameinunua daktari wa Malindi, mwenye lango pana. Bwana Hamadi alininunia siku nne kwa ajili ya shemeji yake, siku ya tano akaja na waya wa klachi wa akiba uliokuwa kabatini mwake tangu enzi zako, akauacha hapa barazani.

Na mzee amepata miwani na viatu. Tairi mpya zenye meno, springi ya nyuma ngumu zaidi, breki ambazo Fundi Kitsao amezitengeneza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuridhika, na taa aliyoipandikiza kutoka kwenye lori. Tulipoiwasha baada ya Magharibi, paka wote wa kichochoro walisimama wima. Fundi Kitsao akasema, "Sasa huyu ataona hata dhambi zake."

Naondoka Jumamosi baada ya Alfajiri, Inshallah. Bi Zuhura ameshaifukiza pikipiki ubani, ndani ya masanduku na chini ya kiti, kwa hiyo sasa inanuka nusu mafuta, nusu harusi, na ile hoja yangu ya nne imeongezeka uzito. Atanishikia msahafu mlangoni nipite chini yake, kama alivyokushikia wewe kila safari. Anataka pikipiki nayo ipite. Nimemwambia urefu hautoshi. Amesema atapanda juu ya baraza.

Ahadi yangu ni hii. Nitaisukuma ikiwa imezimwa mpaka nipite pembe, kama ulivyokuwa ukifanya, na nikirudi nitakuja makaburini kabla ya kuvua viatu, nikuambie ziwa lina rangi gani na kama nilikosea. Ukisikia sijaja wiki ya kwanza ya Septemba, basi ujue nimeilaza mahali fulani kwenye mawe, nami nachuchumaa, mgongo kwenye kiti, narudi nyuma hatua ndogo ndogo.

Jana mpakaji alikuja kuziba alama iliyoachwa na ile pikipiki mpya. Iko juu ya mfereji wako, shubiri moja hivi, imeparuzwa vibaya, bila ya ustadi wowote. Bi Zuhura alimsimamisha ndoo mkononi. "Hiyo ya chini ni ya Seif," alimwambia, "na hiyo ya juu ni ya mwanawe. Paka kwengine."

Mola akulaze pema, Ami. Mie nenda.

Mwanao,
Rukia