Si Mimi, Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Mbili. Mbili kwenye saba! Upendo kwa watoto nimepata sita, utulivu wa darasa sita, halafu kukuza fikra za watoto — mbili. Mara ya pili mfululizo. Mwalimu mkuu kaniita ofisini, kanikalisha chini ya lile bango lake la "Kuuliza si ujinga," akaniambia kwa upole kwamba yule mpimaji wa ufundishaji anarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Upole wake ndio unaoniua. Nikipata mbili tena, chekechea anapewa mwingine, mimi nahamia stoo kugawa vitabu na chaki.

Stoo! Na watoto wangu je?

Miguu inawaka moto.

Jumanne, 4 Machi

Mpimaji tumempachika jina Kimyakimya. Anakaa nyuma kwenye kigoda cha mtoto, magoti yanagusa kidevu, anaandika, haongei. Leo kaja kunieleza alichokiona. Kumbe ana sauti, tena nzuri. Eti nauliza sana, ila jibu ninalo mimi, watoto wanamalizia mkia tu.

Nikabisha. Mkia gani?

Akaniigiza, mchokozi yule! "Watoto, kuku anataga ya—?" "Iii!" "Yai lina rangi nyeu—?" "Peee!"

Nimecheka huku naona aibu mpaka kisogoni. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na mama yangu kabla yangu. Darasa zima linaitikia, hakuna anayesinzia, unajiona mwalimu hasa.

Kasema: uliza kwa nini, kisha nyamaza. Subiri. Basi. Eti basi! Ninyamaze mbele ya kundi lote lile? Haya bwana.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu. Balaa tupu.

Nililoweka vitambaa viwili, kimoja nikaanika juani, kingine kivulini nyuma ya darasa. Baada ya mapumziko tukaenda kuvishika. Cha juani kikavu, cha kivulini bado chepechepe. Nikavuta pumzi, nikauliza: kwa nini hiki kimekauka?

Bosi — kitumbo mbele, mikono nyuma, ndio maana tunamwita hivyo — akarudi nyuma hatua moja. "Si mimi, mwalimu."

Nikamgeukia Kidoti, yule binti mwenye alama shavuni, anayeongea hata usingizini. Kwa nini, mwanangu? "Si mimi! Mimi nilikuwa chooni!" Mwingine pembeni akaanza kulia. Akaniomba msamaha. Kwa kitambaa kukauka!

Nikawapa jibu mwenyewe ili yaishe. Jua ka—? "Liii!" Wakafurahi, machozi yakakauka.

Mwalimu jirani, wa darasa la kwanza, alichungulia dirishani, akauliza kama nimewachapa. Sijawachapa! Sijawahi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda nafua. Mgongo si wangu.

Natoka uani nakuta mlango wa mbele u wazi, kuku wa jirani katulia juu ya kochi kama mgeni rasmi. Nikapaza sauti: kwa nini huu mlango uko wazi? Binti yangu kutoka chumbani: "Si mimi!" Mama yangu — mtu mzima, bibi wa watu — kutoka jikoni: "Si mimi!"

Nikamkamata kuku. Nikakaa naye palepale, mkononi.

Kumbe kwetu neno hili haliulizi. Linagombeza. Kwa nini umemwaga, kwa nini umechelewa, kwa nini hujaoga. Lini mtoto aliulizwa kwa nini, akawa hana kosa? Nimewasimamisha watoto wangu kizimbani nikidhani nakuza fikra.

Nikamweleza mama yote. Kanisikiliza mpaka mwisho. "Sawa mwanangu. Sasa mtoe huyo kuku."

Jumatatu, 10 Machi

Sauti imekauka. Nimewaambia watoto: leo mnaniuliza mimi. Kwa nini, kwa nini, mpaka mchoke. Hakuna kugombezana, tunauliza tu. Wakanitazama kama nimeota pembe.

Kidoti akathubutu. Kwa nini unapiga miayo? Kwa sababu nimechoka. Kwa nini umechoka? Kwa sababu... nikakwama. Nikawarudishia: ninyi mnaonaje? Bosi akasema ni kwa sababu mimi nasimama na wao wanakaa. Kidoti akamkatalia: mwalimu anachoka kwa sababu anaongea peke yake.

Hiyo imeniingia. Nimetembea nayo mpaka nyumbani.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Kitambaa hakikauki popote. Kidoti: jua leo limeshiba, halinywi maji. Nikaubana ulimi kwa meno. Nikanyamaza! Bosi: halijashiba, mawingu yamelifungia mlango. Wakabishana, wengine wakaingilia, bila mimi. Nikakaa chini nikawasikiliza. Nusura nisinzie, ila nilikuwa na furaha.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nje ya darasa, kwenye benchi la watoto. Wao wanacheza. Imeisha, au haijaisha, sijui.

Kimyakimya alikuja asubuhi. Kigoda kilekile, vitambaa vilevile. Nikauliza, nikanyamaza. Watoto wakamtazama mgeni, wakanitazama mimi. Jasho likanitoka. Mazoea yana taabu — nikashindwa. "Ni kwa sababu ya ju—?" "Aaa!" darasa zima, kwa furaha zote. Kule nyuma kalamu ya Kimyakimya ikakimbia. Nikajua basi, stoo hiyo.

Hapo Kidoti akainuka. Akamfuata mgeni mpaka kwenye kigoda. "Na wewe, kwa nini unaandika tu, huongei?"

Kimyakimya akanitazama. Akatazama mlango. "Mimi... mimi nimetumwa tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kidoti akamshika goti, akamwambia kwa sauti yangu kabisa, kama mimi nimesimama pale: "Usiogope. Hatukugombezi. Tunauliza tu."

Hakuandika tena. Bosi akamletea kile kitambaa chepechepe akishike, na wengine wakamzunguka, kila mmoja na lake: jua lina kiu, kivuli hakina mdomo, hapana, upepo ndio umekunywa. Mimi sikusema neno mpaka kengele. Aliondoka bila kuniaga. Sasa yuko ofisini kwa mkuu, mlango umefungwa.

Yale ya Kidoti ni fikra au utovu wa adabu? Na ule mkia wangu wa mwanzo je, utafutika? Nayasema hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: watoto hawa wamenichosha mpaka kwenye kope, na sitaki kuwaacha. Sitaki chaki za stoo. Nataka Jumatatu nisikie mawingu yamefanya nini tena.

Mlango umefunguliwa. Mkuu huyo, anakuja huku, haraka, hana ule upole wake. Kimyakimya yuko nyuma yake. Anaita kabla hajafika: "Mwalimu, kwa nini yule mtoto—"

Na mimi, mtu mzima, mwenye watoto, tayari mdomo u wazi: si mi—