Mama Anamuulizia Mungu kwa Wengine

Mtaa wa Nyasura,
Bunda, Mara.
22 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Dennis,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, nikiomba barua hii ikukute mzima huko Pune, kile kifua kikiwa kimepona na mvua zenu zimepungua. Je, unakula? Mara ya mwisho niliposikia sauti yako niliiona imekonda, sijui kama sauti inaweza kukonda lakini mimi ndivyo nilivyosikia. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Stanislausi mgongo unamsumbua, ila akiamka anajinyoosha anakwenda kazini. Mama ni mzima, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu, kwa hiyo usiruke ukaanzia mwisho kama ulivyokuwaga unafanya na vitabu vya shule.

Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi wakati siku hizi watu wanatumiana sauti. Sauti zako zote zinaingia kwenye simu ya wifi Zamda, na haya ninayokuandikia sitaki yapite kwake kwanza. Simu yangu ni ileile ya tochi.

Muhogo wa Kibara tumeshavuna na kuanika, safari hii si haba. Ndugu yetu Enos bado yuko visiwani kwenye kambi za dagaa. Tangu aondoke mwezi wa tano mke wake anakaa hapa kwangu, na nataka ujue kwamba mimi ndiye niliyesema aje. Nilimwambia wifi, nyumba ya Mwigobero utakaa peke yako unafanya nini, njoo Bunda tukae na Mama. Nilimpokea vizuri. Nilimtafutia hata kona safi ya kuswalia.

Dennis, nina wivu. Nakuambia wewe kwa kuwa uko mbali na huwezi kunicheka mbele ya watu.

Ilianza jioni moja nikitoka kwenye jumuiya. Nilimkuta Mama kakaa mkekani, ameelekeza sikio upande aliko Zamda, maana macho unajua yalikuwa yameshamfunga. Zamda alikuwa ndiyo kwanza anamaliza swala. Mama akamuuliza, "Mwanangu, huyo Mungu wenu mnayemwinamia, yukoje?"

Zamda akasema, "Hafanani na kitu, Mama. Ukishampigia picha kichwani, ujue hiyo picha siyo yeye."

"Sasa mnamjuaje?"

"Kwa majina. Mwenye Huruma. Mwenye Subira. Mwenye Kusikia. Mlinzi."

"Hilo la mwisho rudia," Mama akasema.

Mimi nimesimama mlangoni na rozari yangu mkononi. Huyu ni Mama aliyenifundisha ishara ya msalaba kwa kunishika kidole, toka paji la uso mpaka mabegani. Hakuwahi kuniambia mimi nirudie kitu.

Kuanzia hapo ikawa kila jioni. Tukisali rozari, fungu la pili tu kichwa chake kinaanguka kifuani. Majina ya Zamda yakianza yuko macho kama mlinzi wa benki. Nikajisemea ni ugeni tu, utapita.

Halafu nawe ukaongeza. Ukatuma ile sauti ya bibi mwenye nyumba wako, Mhindu, kwamba kila asubuhi anakiogesha kisanamu cha Mungu wake akiwa mtoto mchanga, anakivika nguo, anakilisha maziwa, usiku anakilaza. Ukasema kwao Mungu ni mmoja lakini anakubali kuja kwa sura nyingi, na sura aliyoichagua huyo bibi ni ya mtoto. Mimi niliposikia nilitaka Zamda azime. Mama akasema aanze tena. Akasikiliza mara tatu, kisha akauliza, "Wanamlaza wapi? Anafunikwa?" Ukatuma na nyingine, ya rafiki yako wa darasani ambaye dini yao haimzungumzii Muumba kabisa, wanatafuta tu namna ya kuituliza roho iache kuumia. Hapo Mama akasema hao nao kuna kitu kiliwapata.

Hata Abednego, jirani yetu Msabato, aliitwa Jumamosi akitoka kanisani, akawekewa kiti na kuulizwa Mungu wao anawafanya nini waliokufa. Akasema kwao wafu wamelala, hawajui kitu, ila Mungu hamsahau hata mmoja, siku yake atawaita kwa majina. Mama akamshukuru na kumfungia viazi vya kwenda navyo nyumbani.

Mimi nilikuwa jikoni nasikia yote. Dennis, miaka tisa namwogesha Mama. Namkata kucha. Watu wote mtaani anawauliza Mungu yukoje, mimi ananiuliza kama chumvi ipo.

Basi siku moja nikaketi naye makusudi. Nikamweleza Utatu Mtakatifu, Mungu mmoja, Nafsi tatu, Baba na Mwana na Roho, kila kitu kama ninavyowafundisha watoto wa kipaimara. Nilieleza vizuri, hata mwenyewe nilijisikia. Nilipomaliza Mama akasema, "Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu! Mimi mwanae wa kwanza.

Kilichonimaliza ni jioni nyingine. Nilikuwa naingia na uji, nikamsikia Zamda anamwambia Mama kwa upole wake ule, "Hapo ndipo tunapoachana, Mama. Sisi tunaamini Mungu hana mwana. Hajapata mtoto." Sufuria ikaniponyoka, uji wote ukaishia sakafuni. Nikasingizia sufuria ilikuwa ya moto.

Wewe ulikuwa umeshaondoka Gody alipofariki, kwa hiyo mengine huyajui. Homa ilimshika asubuhi anacheza, kesho yake jioni hatunaye. Mtoto mmoja, niliyempata nimeshakata tamaa. Baada ya mazishi niliwakataza watu wote nyumbani wasimtaje. Simu iliyokuwa na picha zake niliiuza. Nikawaambia watu waniite Flora, wasiniite jina lingine. Kitu kimoja tu ndicho kilichonibakiza kanisani: kwamba huyu Mungu wangu naye alikuwa na mwana, akamwona akifa. Nikipiga magoti mara nyingi simwambii chochote. Tunakaa tu, kama wafiwa wawili. Sasa mtu aje ndani ya nyumba yangu, amwambie Mama yangu kwamba Mungu hajapata mtoto? Ilikuwa kama amenifukuzia mwenzangu.

Sikumwambia Zamda neno. Nikabaki nalo tumboni mpaka tulipompeleka Mama Musoma.

Zile hela ulizotuma za macho zilifika, asante sana, Mungu akuzidishie. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, wataanza na la kulia. Mama alikuwa anaogopa. Alidhani hatatoka mle mzima. Nesi akaja akasema mgonjwa ataingia na ndugu mmoja tu amshike mkono mpaka dawa ya ganzi ikolee. Nikasimama, nikajifunga kitenge vizuri. Mama akasema, "Aje Zamda."

Nilibaki nimesimama vilevile. Nesi akaniangalia, mimi nikaangalia ukuta.

Zamda alipotoka nilimfuata mpaka kwenye bomba la uani. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia amekuja kuniibia Mama. Nikamwambia, "Mungu wako hana mtoto, hajawahi kuzika, atajua nini kuhusu mimi?"

Maji yanamwagika, hafungi bomba. Halafu akasema, "Wifi, kwetu Mungu hahitaji kufiwa ndipo ajue. Yeye ndiye aliyekuumba, na mahali unapoumia anapajua kuliko wewe. Mimi siwezi kusema tofauti nikufurahishe."

"Sikukuuliza unifurahishe."

"Najua. Lakini kuhusu Mama unanionea. Muulize anachoniulizaga tukibaki wawili."

"Anakuuliza nini?"

"Siyo mimi wa kukuambia," akasema. Akafunga bomba akaondoka.

Usiku ule wodini tulikaa Mama katikati, mimi huku, yeye kule, hatusemeshani.

Asubuhi daktari akafungua bandeji. Mama akapepesa jicho, machozi yanatoka, akaangalia dirisha, akaangalia mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Akasema imezeeka. Kisha akaniona mimi. Akaniangalia sana, Dennis, mpaka nikainamisha uso. Akasema, "Umekonda, Mama Gody."

Tangu tumzike hakuna aliyeniita hivyo. Zamda akainuka taratibu akasema anakwenda kutafuta chai.

Nikamuuliza Mama, "Ni kitu gani unachomuulizaga Zamda?"

Akasema, "Nilikuwa namtafuta Gody."

Sikuelewa. Akaendelea, taratibu, anachanganya Kiswahili na Kijita kama anavyofanyaga akichoka. "Ulitukataza kumtaja. Sawa, nikanyamaza. Lakini yule mtoto alikuwa analala kwangu, mgongoni pangu, na mimi usiku nasikia pako wazi. Ningemuulizia wapi? Nikaona nimuulizie Mungu. Kila anayemjua Mungu wake namuuliza yukoje, ili nijue mtoto anakaa na mtu wa namna gani. Zamda kanipa Mlinzi, nikafurahi. Bibi mwenye nyumba wa Dennis, yeye Mungu wake ni mtoto, anaogeshwa, nikasema basi hata michezo anaijua. Abednego kasema amelala na hasahauliwi. Marehemu bibi yenu alikuwa anamwita Mungu kwa Kijita, Nyamuanga, asubuhi akifungua mlango, hakuwahi kusema yukoje, nami nikiwa mdogo sikumuuliza. Wote hao nilikuwa nawaulizia mtoto mmoja."

"Mbona mimi hukuniuliza?"

"Nilikungoja useme mwenyewe. Ukanipa Nafsi tatu. Mimi nilitaka kujua kama ana mikono ya kumshika mtoto."

Mama akasema, "Haya, sasa nakuuliza wewe, siyo mwalimu. Mungu wako yukoje?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia Mama, wangu mimi ni mfiwa. Nikamweleza tunavyokaa wawili bila kusema. Nikamwambia kama amemwona mwanawe akifa, basi mtoto wangu alipofika hakumpokea kama mgeni. Nililia kwa sauti, wodi nzima wakaniangalia, na mimi sikujali.

Mama akanishika kichwa, akakilaza mapajani mwake. Akasema, "Hilo mbona siku zote hukuniambia? Hilo ningelishika."

Tukamtaja Gody asubuhi ile mpaka chai ikapoa. Alivyokuwa anaita sangara "sanga." Alivyokuwa anamvua Mama viatu ili avivae yeye. Zamda alirudi akakaa pembeni, hakuingilia. Baadaye nikamwomba radhi, kwa nilivyosema, siyo kwa ninachoamini. Akasema naye haombi radhi kwa anachoamini, ila kwa kunitonesha bila kujua. Hapo tulipo ndipo hapo. Nikikuambia tumekuwa kitu kimoja nitakuwa nakudanganya. Yeye anaona Mungu aliyepata mtoto si Mungu tena, amepungua. Mimi naona asiyempata hawezi kukaa na mimi. Mama yeye anatusikiliza wote, na juzi nimemsikia alfajiri anafungua mlango mwenyewe, anamwita Nyamuanga.

Wivu haujaisha pia, usifikiri. Asubuhi Mama akiamka jina la kwanza analoita ni Zamda, ndiye anayejua dawa ya macho inawekwa matone mangapi. Kila akiita, natamani ningeitwa mimi. Naendelea kuchochea moto.

Sasa nina ombi moja. Gody alipozaliwa macho ya Mama yalikuwa yameshaingia ukungu. Alimjua kwa kumpapasa na kwa sauti. Sura yake hakuwahi kuiona sawasawa hata siku moja. Mimi picha sina hata moja. Wewe unazo, ulimpiga ulipokuja likizo, yupo mabegani mwako kule Kibara, anacheka na meno hayajatimia. Naomba uisafishe kubwa uitume kwa posta, na bahasha iandike jina langu. Usiitume kwenye simu ya mtu. Najua kwa simu ingefika leo hii. Nitangoja. Nataka siku Mama atakapomwona mjukuu wake, awe amemshika mkono mama yake Gody, si mtu mwingine.

Enos anakusalimu kutoka visiwani. Shemeji yako Stanislausi anakusalimu, anasema ukirudi umletee dawa ya mgongo ya Kihindi. Abednego na mkewe Dorkas wanakusalimu. Zamda naye anakusalimu, nisipoandika nitakuwa nimezidi. Mama anasema amekuombea, na akakutumia neno la Kijita ambalo nashindwa kuliandika, ila maana yake ni uwe unajifunika usiku. Msalimie bibi mwenye nyumba wako, mwambie Mama wa Bunda anamshukuru.

Mungu aliye karibu nasi hapa, awe karibu nawe huko, asikuache hata unapomsahau.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuonea wivu kidogo,

Mama Gody